Vioo vya Kichwa cha Kijani

Lenzi alikuwa mtu mwema, na mtu asikudanganye. Alimpikia baba yake, akamfulia, akamkata kucha za miguu, na kila jioni alimsugua magoti kwa dawa bila kununa. Mteja akisahau mwavuli dukani, Lenzi alimkimbilia nao barabarani huku ndala zikimponyoka. Ila wivu alikuwa nao. Alikuwa nao wa kutosha mtaa mzima, na siku hizi wote aliumwagia mtu mmoja, mke wa mdogo wake.

Jina lenyewe la Lenzi alibandikwa na huyo mdogo wake, mwaka alioanza kazi kwenye duka la miwani. Alikaa nyuma ya pazia, mbele ya mashine ya kusagia, akikata lenzi zikae kwenye fremu bila kucheza. Wateja hawakumwona. Walichoona ni miwani iliyokaa sawasawa puani, wakamshukuru muuzaji wa mbele, naye alizipokea shukrani hizo kana kwamba kazi ameifanya yeye. Hilo nalo lilimuuma Lenzi, lakini alikwisha kulizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Alikuwa amerudi nyumbani kwa baba yake baada ya ndoa yake kuvunjika. Haikuvunjika kwa kelele. Siku moja mume alisema amechoka, na Lenzi akagundua kwamba hata yeye amechoka, akafunga mizigo. Baba yake alimpokea mlangoni, akamtua begi, akasema, "Umekuja wakati mzuri. Nina kazi na wewe." Hakumuuliza jambo jingine. Kazi yenyewe ilikuwa vichwa vya treni.

Hapa inabidi tuelewane. Baba yake Lenzi alikuwa dereva wa treni maisha yake yote, na ingawa alistaafu zamani na siku hizi hakuendesha hata toroli, mtaa mzima uliendelea kumwita Dereva. Chuo cha reli kilipoamua kufundishia kwa kompyuta, vile vichwa vya treni vya mfano walivyokuwa wakifundishia zamani vilitolewa nje kwenye maboksi, vingoje gari la taka. Dereva alipita, akaviona, akaenda kuazima mkokoteni na kuvibeba huku akitukana njia nzima. Kila kimoja kilikuwa kirefu kama mkate mzima, cha bati, na rangi zake zilezile za reli: chekundu, cha bluu, cha njano chenye mistari, na kimoja cha kijani. Vilikuwa vizuri, ila madirisha yake yalikuwa aibu tupu. Vingine vilikuwa na matundu matupu tangu vilipotengenezwa, vingine vilikuwa na plastiki iliyogeuka rangi ya chai na kupasuka.

"Huyu dereva wa humu ndani atapata mafua," Mzee alimwambia binti yake, akimwonyesha kisanamu kilichokaa mbele ya mitambo. "Upepo wote huu unampiga kifuani. Wewe ni mtu wa vioo. Mfanyie mpango."

Lenzi akamfanyia mpango. Fremu mpya za miwani huja dukani na vipande vya plastiki angavu vilivyotiwa ili zisipinde, na fundi akishaweka lenzi za mteja, vipande hivyo hutupwa. Lenzi akaacha kuvitupa. Kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, alikaa na baba yake kwenye meza iliyo karibu na dirisha la sebule. Yeye alikata kipande kwa msumeno mdogo, akakilainisha kwa tupa, akakijaribu kwenye tundu, akakirudia tena. Mzee alishika kichwa cha treni kwa mikono yote na kutoa amri kama vile bado yuko kazini. Kipande kikikubali, Lenzi alikipachika kwa ndani na gundi nyeupe ya maji, wakakaa wakisubiri kishike. Viti vilikuwa viwili tu kwenye meza hiyo, na Lenzi hakuona haja ya cha tatu. Kama ungemuuliza wakati huo raha ni nini, angekuonyesha ile meza.

Kichwa cha kijani walikiacha cha mwisho. Kilikuwa mfano wa kile alichoendesha Dereva ujanani, kwenye reli ya milimani, siku alipomwona mama yao kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa mkata tiketi wa stesheni ndogo huko juu. Hadithi hiyo Mzee aliisimulia mara nyingi mno, na kila mara ilianza hivyo hivyo: "Nikalifuta dirisha kwa mkono wa koti, nikamwona." Watoto walipokuwa wadogo walikuwa wakimmalizia kwa sauti nzito ya kuigiza, mama yao akiwa jikoni anacheka. Sasa mama hakuwepo, na hadithi ilibaki na Mzee peke yake.

"Hiki utakitia vioo wewe," alikuwa amemwambia Lenzi. "Lakini si sasa. Mkono wako ukomae kwanza."

Lenzi alikuwa akiukomaza mkono wake kwa ajili ya siku hiyo.

Basi mdogo wake akaja. Nyumba aliyopanga iliuzwa, mwenye nyumba mpya akataka vyumba vyake, na yeye na mkewe wakahamia chumba cha uani kwa Mzee "kwa muda kidogo tu," kama wasemavyo wote. Mdogo mtu alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo, hakumsumbua mtu. Mkewe ndiye aliyekuwepo. Alikuwa fundi wa kucha, mwanamke mfupi wa kucheka sana, anayetembea na kisanduku cha vifaa mkononi kama daktari, na tangu siku ya kwanza alimwita Mzee "baba" bila kujiumauma, utadhani amezaliwa humo ndani. Lenzi alimwita wifi, naye akamwita Lenzi wifi, na mtu wa pembeni angesikia wanapendana.

Jumamosi moja wifi alipita sebuleni na kikombe cha chai, akainama juu ya kichwa cha bluu ambacho Lenzi alikuwa amekihangaikia wiki nyingi.

"Kizuri," alisema. "Ila baba, mbona macho yamezama hivi? Kama mtu aliyekesha."

Mzee alicheka. Lenzi hakucheka. Mbaya zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Vioo vyake vilibandikwa kwa ndani, nyuma ya unene wa bati, na ukikitazama kichwa kwa ubavu uliona mashimo kwanza, vioo baadaye. Alikuwa amelijua hilo muda mrefu na kujiambia hakuna atakayeliona.

"Kwenye treni ya kweli kioo kinalingana na bati," Mzee alikubali, akikigeuzageuza kichwa. "Unapitisha kiganja, hakikwami mahali."

"Nipe kimoja nijaribu," wifi akasema.

Na Mzee akampa. Hivi hivi, kama mtu anayempisha mgeni kiti.

Wifi alibandika karatasi ya kunata nje ya madirisha ya kile chekundu, akakigeuza, akajaza kila tundu jeli angavu ya kucha kwa brashi nyembamba, kisha akakiingiza chini ya taa yake ya kukaushia, ile yenye mwanga wa zambarau. Alipoona imekauka alibandua karatasi, akafuta kwa spiriti. Vioo vilikuwa vimelingana na bati, vyembamba, vinameta kama vimelowa. Mzee alipitisha kidole gumba ubavuni, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Lenzi! Lenzi, njoo uone!"

Lenzi alikuwa amekaa pembeni yake. Hakuwa na pa kuja.

"Naona, baba."

"Si kama vimeota vyenyewe?"

"Vimeota," akasema Lenzi, na roho ikamuuma mpaka akahisi joto masikioni.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Kiti cha tatu kilitoka jikoni kikaja mezani. Kichwa cha njano kikapewa vioo vya jeli. Cha bluu kikabanduliwa vioo vya Lenzi, kimoja kimoja, kwa kibano, vikawekwa kwenye kifuniko cha kopo kama meno yaliyong'olewa, na wifi akayajaza matundu upya. Aliomba ruhusa, usidhani hakuomba. "Wifi, hutakasirika nikivitoa hivi?" Utasemaje? Lenzi akasema toa tu, akajichekesha, akaenda kubandika maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba. Alisimama jikoni akisikiliza vicheko. Alikuwa mtu mzima anayekaribia hamsini, anasikiliza mlangoni kama mtoto aliyefukuzwa na wakubwa. Alijiona, na kujiona hakukumsaidia.

Alijaribu hata kuiga. Alinunua jeli kwenye duka la vipodozi mtaa wa mbali, mahali asipojulikana, akajifungia nayo nyuma ya pazia lake kazini. Taa ile ya zambarau hakuwa nayo, akadhani balbu ya kawaida itatosha. Jeli ilichuruzika, ikashuka kwenye meza, ikamnasa nzi, kisha ikanasa mkono wa shati la muuzaji wa mbele, aliyeingia kuulizia miwani ya mteja. "Unapika nini humu?" yule bwana akauliza. Lenzi akajibu kwamba ni dawa ya kusafishia mashine. Nzi ndiye aliyebaki ushahidi.

Nyumbani aliona kila kitu. Aliona Mzee anambakizia wifi mkate wa ncha, ule mkavu ambao yeye Lenzi ndiye aliyekuwa akibakiziwa tangu utoto. Alimsikia akimsifia wifi kwa jirani juu ya ukuta: "Mkono wa huyu mtoto! Kama hagusi!" Siku moja Mzee alimsimulia wifi hadithi ya mkono wa koti, na wifi akashika shavu, "Jamani baba!" kana kwamba hajawahi kusikia jambo tamu kama hilo. Na kweli hakuwahi, lakini Lenzi alimlaumu hata kwa hilo.

Kisha ikafika zamu ya kichwa cha kijani. Mzee alikitoa kwenye sanduku lake la mbao, akakifuta vumbi, akakiweka mezani katikati. Rafiki yake wa zamani, aliyekuwa gadi, mpuliza filimbi wa treni yake miaka yote ile, alikuwa anakuja Jumapili ya wiki inayofuata pamoja na wastaafu wenzao kuviona vichwa, na Mzee alitaka viwe tayari vyote. Lenzi akavuta pumzi, akasogeza tupa yake karibu, akakishika. Madirisha ya hiki yalikuwa madogo kuliko ya vyote, na ili ayaone vizuri alikirudisha mbali kidogo, halafu mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka. Fundi miwani huyu alihitaji miwani ya kusomea, na hakuwa amemwambia mtu.

Mzee alimtazama. Akakichukua kichwa mikononi mwake kwa upole, akakiweka mbele ya wifi.

"Pumzisha macho, mama," alimwambia Lenzi. "Hiki atakimalizia mwenzako."

Alisema kwa upendo. Lenzi alisikia jambo moja tu, kwamba ameondolewa. Kichwa alichoahidiwa, cha mama yake mzazi, kilikuwa kimekwenda kwa mtu ambaye mama huyo hakuwahi hata kumwona.

Sasa, kuna kitu ambacho watu wa miwani wanakijua na wengine wengi hawakijui. Ile gundi kali inayoshika papo hapo, ambayo watu hugundishia kila kitu kuanzia viatu mpaka mikono ya vikombe, ina moshi usioonekana. Ukiifungia pamoja na kioo kwenye boksi lenye kifuniko, moshi ule hutua juu ya kioo na kugeuka weupe. Lenzi alijifunza hilo kwa machozi, alipokuwa mgeni kazini. Aligundisha mkono wa miwani ya mteja, akaifungia palepale kwenye kasha lake, na mteja alipolifungua akauliza kama amepewa miwani au mayai ya kuchemsha. Tajiri yake alifoka mpaka wapita njia wakasimama. Tangu hapo hakuwahi kulirudia kosa hilo.

Alilirudia Jumamosi, kusudi.

Wifi alikuwa amekimaliza kichwa cha kijani asubuhi. Kilipendeza, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu: kilipendeza kuliko ambavyo Lenzi angeweza. Kisha wifi akaitwa kumtengeneza bibi harusi kucha, akatoka mbio na vifaa vya rangi tu. Mzee alikuwa amelala usingizi wake wa mchana, anakoroma. Lenzi aliingia stoo, akafungua sanduku la mbao ambamo kichwa kilikuwa kimerudishwa. Alichukua gundi ya wifi mwenyewe, ile ya kubandikia kucha za bandia, kwa sababu ni gundi ileile kwa jina jingine, na kwa sababu, tuseme ukweli, alitaka iwe ya wifi. Akaidondosha kwenye kizibo cha soda, akakiweka ubavuni mwa kichwa, akaongeza pamba iliyolowa maji, maana unyevu huuchochea ule moshi. Akafunika.

Akaenda kufua. Mashuka ya nyumba ile hayajawahi kufuliwa vile. Aliyapiga kama yana kesi ya kujibu. Alipotundika la mwisho alirudi stoo, akafunua.

Madirisha yote yalikuwa meupe. Haukuwa weupe wa rangi. Ulikuwa weupe laini, kama mtu amehema juu ya kila kioo. Kile kidereva cha ndani hakikuonekana tena. Vumbi jeupe lilikuwa limetua hata kwenye bati, na Lenzi alilifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akauacha weupe wa vioo. Akatoa kizibo na pamba, akafunga sanduku. Alifurahi. Tusimpambe: alifurahi kabisa, akaimba akitandika vitanda. Hata maneno ya kesho yake alikuwa ameshayaandaa: Pole wifi, pengine jeli za kucha hazijazoea bati.

Jumapili Gadi akaja na wazee wenzake. Alikuwa mrefu, sikio moja halisikii, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayeshindana na injini. Vichwa vilikuwa vimepangwa mezani, na wazee walivipitia wakiinama, mikono nyuma, kama wakaguzi. Wifi alisifiwa mpaka akajifunika uso kwa kitambaa. "Treni imetengenezwa kucha!" Gadi alinguruma, wakacheka wote. Lenzi alipitisha soda kwenye sinia na kusubiri.

"Bado kimoja," Mzee akasema. Akalileta sanduku la mbao mwenyewe, akaliweka mapajani, akafungua.

Wifi alinyoosha shingo aone, na uso ukamshuka. Alivitazama vioo, akavuta pumzi kwa pua, kwa kuwa sanduku lilitoa ile harufu inayochoma kidogo, kisha akageuka akamtazama Lenzi. Hakumtazama mtu mwingine. Fundi wa kucha anaijua gundi yake. Lenzi akajua kwamba wifi amejua.

Mzee alikiinua kichwa mpaka usawa wa macho. Lenzi alifungua kinywa aseme maneno yake, lakini baba yake alimtangulia.

Mzee akavuta mkono wa koti lake ukafunika kidole, akasugua dirisha la mbele taratibu, kwa duara. Weupe ukaachia. Pakatokea kijitundu angavu, na nyuma yake kidereva, uso wake mdogo wa rangi, anaangalia nje.

"Ukungu," Mzee akasema. "Gadi, unaukumbuka ule ukungu?"

"Nani atausahau! Asubuhi zote kule juu. Unafuta, unarudi. Unafuta, unarudi. Hata pua yako huioni."

"Siku ile ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nikalifuta dirisha..." Hakumaliza. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya wenzake, na hakuyaficha. "Alikuwa amesimama ndani ya kiduara kama hiki. Nilimwona yeye kwanza. Stesheni niliiona baadaye."

Lenzi alisimama na sinia mkononi. Hadithi ile aliijua kwa moyo, aliiigiza kwa sauti nzito tangu utotoni, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza dirisha lilifutwa nini.

Mzee alimgeukia wifi, akamshika mkono. "Mkwe wangu. Nani alikwambia? Habari za ukungu sikukwambia mimi. Umejuaje?"

Na hapo, jamani, wivu wa Lenzi ulipanda kuliko siku zote. Ungedhani ataona aibu. Aibu ilikuwepo, imekaa pembeni inangoja zamu yake. Kilichomjaa kifuani ni hasira ya mtu aliyeporwa. Kazi ile ni yangu! Ni mimi! Maisha yake yote hakuwahi kutengeneza vioo vya kumtoa mtu machozi, na leo alivyovitengeneza vilikuwa vinakwenda kwa wifi, kama shukrani za wateja zilivyokwenda kwa yule bwana wa mbele ya pazia. Na hakuweza kudai, kwa sababu kudai ni kukiri. Alikwama palepale na sinia lake, kama mwizi anayetaka risiti.

Wifi akauvuta mkono wake taratibu.

"Si mimi, baba," alisema. "Mimi nilikiacha vioo vyake safi kabisa. Huo ukungu ni kazi ya wifi. Aliutia jana nilipokuwa sipo."

"Lenzi?"

Wazee wote wakageuka. Lenzi alimtazama wifi, akatafuta kejeli usoni pake, au mtego, au chochote cha kumchukia. Hakukiona, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Ndiyo, baba," akasema. "Ni mimi."

"Nilijua," Mzee akasema. "Nikasema moyoni, huyu hawezi kukiacha cha mama yake kipite hivi hivi." Akamvuta, akamkumbatia na sinia lake na yote. Gadi akapiga makofi. Lenzi akaangua kilio, na kila mtu mle ndani alidhani anajua analilia nini.

Wageni walipoondoka, wanawake wawili walibaki jikoni. Wifi aliosha glasi, Lenzi alizikausha.

"Ulitumia yangu," wifi akasema bila kugeuka. "Hukuifunga vizuri. Imeganda yote."

"Nitakununulia nyingine."

"Nunua."

Wifi akamkabidhi glasi nyingine.

"Kwa nini hukuniumbua?" Lenzi akauliza.

"Nilitaka. Haki ya nani, nilitaka." Wifi aliweka glasi chini. "Halafu nikamwona baba. Ningemwambia nini? Kwamba ukungu wa mama yenu ni fitina ya mtu? Angeumia yeye, si wewe." Akafunga bomba. "Na usidhani mimi nina roho nzuri sana, wifi. Mimi sikukua na baba. Tulipohamia hapa, nilikuwa nikiwaona nyinyi wawili pale mezani, naingia chumbani nalia. Ile siku nilipita na kikombe makusudi. Chai yenyewe sikuwa naitaka."

Lenzi aliendelea kukausha glasi iliyokwisha kukauka. Alitaka kusema samahani, neno likafika kwenye meno likakaa. Alichokuwa anafikiria, na ni vibaya kukisema lakini kilikuwepo, ni kwamba hata kwa wema amezidiwa. Angekuwa yeye, angesema yote mbele ya wageni, tangu gundi mpaka pamba. Mwanamke huyu alimshinda kwenye vioo, na sasa amemshinda na kwenye hili.

"Lenzi!" Mzee aliita kutoka sebuleni. "Njooni! Na uje na ile dawa yako!"

Alikuwa amevipanga vichwa vyote mstari mmoja, cha kijani mbele. Macho yake yalikuwa mekundu bado, na uso umejaa furaha.

"Nimefikiri, mama. Vitie ukungu vyote. Chekundu, bluu, njano. Viwe kama vinashuka mlimani pamoja."

Wifi alijifuta maji mikononi. Ila Lenzi, aliyesimama ubavuni pake, aliuona mkono wake ukienda wenyewe kwenye kichwa cha bluu, ukagusa kioo kimoja kwa ncha ya kucha, ukarudi. Kumbe na yeye ana kitu cha kunyang'anywa. Tangu siku ya macho yaliyozama Lenzi alikuwa akingoja kumwona hivyo, na sasa alikuwa amepewa ruhusa, na baba yake mwenyewe, ya kuvifunika vioo vya mwenzake vyote na kushukuriwa juu yake. Alikaa na ladha hiyo mdomoni kwa muda. Usiwe na haraka ya kumlaumu. Na wewe ungekaa nayo.

"Hapana, baba," akasema. "Hivi vingine vilitembea mchana."

Mzee akavitazama tena, kimoja kimoja.

"Kweli," akasema. "Chekundu kilikuwa cha reli ya tambarare. Kule ni jua tupu."

"Basi viache hivyo hivyo. Vioo vyake ni vizuri."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, kama mwiba. Wifi hakumwangalia. Alivuta kiti cha tatu, akakaa. Lenzi akatoa mfukoni miwani ya kusomea, aliyojisagia mwenyewe kwa siri, akaivaa mbele yao kwa mara ya kwanza, naye akakaa. Mzee alianza upya kuisimulia ile asubuhi, tangu kwenye ukungu safari hii. Wivu haukuwa umekwisha. Wengine walipozama kwenye hadithi, Lenzi alikisogeza kichwa cha kijani upande wake, akakiwekea kiwiko kama uzio.